Juu ya Anunuaye kwa Fedha ya Watu

Liko swali moja ambalo kwa kulitazama laonekana dogo, wala halistahili kujaza kurasa za gazeti. Lakini kila nilipojaribu kulijibu kwa maneno machache nimeona kuwa halijibiki upesi. Swali ni hili: mtu aliyepewa fedha ya wengine ili awanunulie kitu, amewajibika kufanya nini? Aliyeko sokoni na fedha yake mwenyewe ni huru. Akipenda atanunua muhogo wa ghali kwa mjane fulani kwa kuwa amhurumia, au atampa ndugu yake kazi ya kujenga ua ingawa yuko fundi mwingine aliye hodari zaidi. Hasara ni yake, na wema ni wake. Lakini aliyetumwa hana uhuru huo. Huruma yake yalipwa kwa mfuko wa mtu mwingine. Wala hawezi kujitetea kwa kusema tu kwamba hakuiba, maana mtu aweza kurudi na hesabu iliyo sawasawa, senti kwa senti, na pamoja na hayo akawa amewadhulumu waliomtuma.

Mambo haya huonekana kwa udogo katika kila baraza la wazee linunualo mabati ya kanisa. Yanapoonekana kwa ukubwa ni serikalini, kwa maana serikali hununua karatasi na wino, dawa na vitanda vya wagonjwa, magari, madaraja, chakula cha wafungwa, hata kazi ya watu wenye elimu. Mifano yangu nitaitoa katika majimbo ya Marekani, na sababu yake ni hii: huko majimbo ni 50, kila moja lina gavana wake, bunge lake na sheria yake ya ununuzi, tena wamekuwa wakizitengeneza sheria hizo na kuzitengeneza upya kwa zaidi ya miaka 100, hata mtu aliye mbali aweza kuona ni dawa gani iliyojaribiwa, na ni ugonjwa gani uliorudi baada ya dawa. Asidhani mtu kwamba nawacheka Wamarekani. Asomaye kwa makini huenda akatambua nyuso za watu awajuao.

Nianze na jimbo la Pennsylvania. Mwezi wa Februari 1897 jengo la bunge lao katika mji wa Harrisburg liliteketea kwa moto. Baada ya kuhangaika miaka kadhaa wakamchagua msanifu mmoja, Joseph Huston, awachoree jengo jipya, na bunge likaweka dola milioni 4 kwa kazi hiyo. Jengo likaisha, nalo ni zuri kweli kweli, lina kuba kubwa na ngazi za marumaru, na tarehe 4 Oktoba 1906 Rais Theodore Roosevelt mwenyewe alihudhuria siku ya kulifungua, akalisifu mno. Lakini mwaka ule ule mweka hazina mpya wa jimbo, William Berry, alikuwa amefungua vitabu vya hesabu. Akaona kwamba mbali ya zile milioni 4 za jengo, vyombo vya ndani, yaani viti, meza, makabati na taa, vimekula fedha nyingi kuliko jengo lenyewe, hata jumla yote ilifika karibu dola milioni 13. Wananchi hawakujua neno.

Sasa yafaa tuangalie jinsi jambo hilo lilivyofanyika, maana hapo ndipo penye mafundisho. Mtu atadhani kwamba palikuwa hakuna sheria. Sivyo. Katiba ya jimbo hilo, iliyoanza kutumika 1874, ilikuwa imeamuru kwa maneno yaliyo wazi kwamba vitu kama karatasi na kuni za ofisi za serikali vinunuliwe kwa mkataba, na mkataba apewe mzabuni wa kuaminika mwenye bei ya chini kuliko wenzake. Walikwisha kuumizwa zamani, ndiyo maana wakaandika hivyo. Na vyombo vya jengo jipya navyo vilikuwa na orodha yake ya bei na karatasi zake zote. Ila katika orodha ile samani nyingi ziliandikiwa bei kwa futi, na taa kwa ratili. Taa kwa ratili! Yaani taa ikizidi uzito, aliyeiuza azidi kulipwa, hata kama mwanga wake ni ule ule. Na futi ya kiti ni ipi? Ni urefu wake, au upana wake, au yote pamoja? Mwenye kuuza ndiye aliyejua, na waliotia sahihi hati za malipo hawakuuliza. Basi kikao cha msafisha viatu, ambacho gharama yake ilikuwa dola 125, kililipiwa dola 1,619. Na kabati la mti wa mahogani katika chumba cha kinyozi wa maseneta, lililokuwa la dola 325, likalipiwa dola 3,257. Uchunguzi ulifanywa 1907, kesi zikafuata. Kontrakta aliyeleta vyombo, na mweka hazina aliyemtangulia Berry, walionekana na hatia 1908, nao wakafa kabla ya kuingia gerezani. Msanifu Huston alihukumiwa 1910, akafungwa.

Nimekaa juu ya habari hii kwa sababu yaonyesha jambo ambalo watunga sheria husahau. Sheria ya bei ya chini ni njema, lakini haisemi neno mpaka umekwisha kuiambia ni bei ya kitu gani. Mwenye kushika kipimo ndiye mwenye bei. Wezi wa Harrisburg hawakuivunja mizani. Walichagua tu mizani itakayopimia. Na kwa upande wa maadili naona ya kwamba kosa kubwa si la yule aliyeuza, ambaye kila mtu alijua kwamba ataka faida, bali la wale waliowekwa wasimame kati yake na hazina, wakaona neno "futi", wakaona haya kuuliza maana yake, au hawakutaka kuijua.

Tangu siku zile majimbo yalijifunza mengi. Moja ni kwamba atakaye kitu asiwe peke yake mwenye kukinunua: wakaweka ofisi za ununuzi, zenye watu waliofundishwa kazi hiyo, na 1947 maofisa hao wakaunda chama chao cha majimbo yote. Zabuni hutangazwa, hutiwa katika bahasha zilizofungwa, hufunguliwa mbele ya watu kwa saa iliyotajwa, na aliyekosa aweza kulalamika na kusikilizwa. Mwaka 1979 Chama cha Mawakili cha Marekani kilitoa mfano wa sheria nzima ya ununuzi, ili jimbo litakalo lichukue au lichague sehemu, na 2000 mfano huo ukatengenezwa tena. Hayo yote ni mema, wala sina haja ya kuyaeleza zaidi. Nchi nyingi zimeyafuata, na msomaji aliyepata kuona tangazo la zabuni ya halmashauri ya kwetu ameyaona.

Lakini hapa ndipo swali langu laanza kuuma. Baada ya kumfunga mnunuzi kwa kamba nyingi hivyo, je, amekuwa mwaminifu, au amekuwa amefungwa tu?

Mfikiri karani wa ununuzi aliye mwema. Amepewa kununua, tuseme, viatu vya askari. Yuko mzabuni mmoja ambaye viatu vyake vya mwaka jana vilibanduka soli kabla ya miezi mitatu, na karani ajua, maana alisikia manung'uniko kwa masikio yake. Mwaka huu mtu yule arudi na bei ya chini kuliko wote. Hati zake ni timamu. Karani akimnyima, ataulizwa sababu, huenda atashitakiwa, na watu watanong'ona kwamba mzabuni mwingine amempa kitu. Akimpa, hakuna atakayemwuliza neno. Soli zikibanduka tena, si kosa lake, maana alifuata kanuni. Basi ampa. Ametenda nini mtu huyu? Mikono yake ni safi. Lakini askari watembea peku. Profesa mmoja wa Harvard, Steven Kelman, aliandika kitabu 1990 juu ya jinsi serikali kuu ya Marekani ilivyokuwa ikinunua mashine zake za kuhesabia, akasema neno hili hili: kwamba kwa kuogopa rushwa serikali imewakataza watumishi wake kutumia akili zao, hata kumbukumbu ya mwuzaji aliyewahi kuwatenda vibaya wamekatazwa kuitumia. Miaka mitatu baadaye Rais Bill Clinton alimweka awe mkuu wa kusimamia kanuni hizo za ununuzi, na mengi yakalegezwa. Majimbo nayo yakafuata kwa mwendo wao: mengi sasa huruhusu zabuni ipimwe kwa thamani nzima, yaani bei pamoja na ubora, na sifa ya mwuzaji, na gharama ya kukitunza kitu hata kitakapochakaa.

Tupambanue basi mambo mawili ambayo huchanganywa. Kutokuwa na lawama ni jambo moja, na uaminifu ni jambo jingine. Asiye na lawama aweza kusema, Sikuvunja amri. Mwaminifu aulizwa zaidi: Je, waliokutuma wamepata walichokutuma? Kanuni zaweza kumletea mtu lile la kwanza. La pili haziwezi kuleta, na zikizidi zaweza hata kulizuia, kwa sababu mtu akiisha kuzoea kujitafutia usalama katika karatasi, huacha kutazama kitu chenyewe. Nimewaona watu wa namna hii, wala si serikalini tu.

Mtu atasema, Basi tuwafungue, tuwaache wachague kwa hekima yao. Ningalipenda jibu liwe jepesi hivyo. Tutazame New York. Serikali ya jimbo hilo ilikusudia kutumia fedha nyingi kuuinua mji wa Buffalo, uliokuwa umedhoofika, na kwa ajili ya wepesi kazi ya kuchagua wajenzi haikufuata njia ile ndefu ya zabuni ya bei, bali iliachiwa watu waliokuwa na nafasi ya kuchagua kwa busara yao. Tangazo likatoka la kuwaita wajenzi. Likadai mjenzi mwenye uzoefu wa miaka 50 katika mji ule. Ni wajenzi wangapi katika mji mmoja wenye umri huo? Baadaye ikasemwa kwamba namba ilikosewa katika kuandika, ikafanywa 15. Waendesha mashitaka walisema kwamba maneno ya tangazo yalikuwa yametengenezwa mapema pamoja na yule yule aliyepewa kazi, na 2018 baraza la wazee wa mahakama likawaona washitakiwa na hatia. Lakini Mei 2023 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ijulikanayo kwa jina la Ciminelli, ilitangua hukumu ile, majaji wote kwa nia moja. Hawakusema kwamba jambo lilikuwa jema. Walisema kwamba sheria ya udanganyifu iliyotumika yahusu kumnyang'anya mtu mali yake, wala haihusu kumnyima habari ambazo zingemsaidia kuamua vema juu ya mali hiyo.

Siwahukumu watu hao. Mahakama imesema, nami si jaji. Ila nawaomba wasomaji waangalie mpaka uliowekwa. Sheria ya nchi yaweza kufika mahali fulani na kusimama. Mbele ya hapo liko eneo zima la mambo ambayo si wizi, wala hayamfikishi mtu gerezani, na bado ni dhuluma: kuandika sifa za kitu huku umemtazama mtu, kumnong'onezea mmoja siku mbili kabla ya wengine, kuweka muda wa zabuni uwe mfupi hata aliye mbali asiwahi. Mwenye kutenda hayo aweza kulala usingizi, akisema, Hata hivyo jengo limesimama. Naam, limesimama. Lakini wale waliokuja na bahasha zao wakitumaini, waliopoteza siku na nauli, waliitwa kwenye shindano lililokwisha. Kwangu mimi huo ni uongo, ingawa hakuna neno la uongo lililotamkwa.

Kwa hiyo twasimama kati ya mashimo mawili: mtumishi aliyefungwa hata hawezi kutenda mema, na mtumishi aliyefunguliwa hata aweza kutenda mabaya. Wengi hufikiri dawa ni kupima katikati, kamba kidogo na uhuru kidogo. Mimi naona si jambo la kipimo, bali ni jambo la mahali. Inatupasa kuuliza ni kiungo gani kifungwe na ni kipi kiachwe.

Katika Kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 12, imo habari ya kutengeneza nyumba ya Mungu siku za mfalme Yoashi, ambayo kwa kweli ni habari ya ununuzi. Kwanza fedha iliachwa mikononi mwa makuhani, nao ndio waliopaswa kuita mafundi. Hata mwaka wa 23 wa mfalme huyo palipobomoka palikuwa pamebomoka vile vile. (Sisi wachungaji tuusome mlango huo polepole.) Ndipo likawekwa sanduku lenye tundu katika kifuniko chake. Lilipojaa, hakulifungua mtu mmoja: walikuja wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakaihesabu fedha pamoja na kuitia mifukoni. Kisha wakawakabidhi wasimamizi wa kazi, na hao wakawalipa maseremala na waashi na kununua miti na mawe. Na wasimamizi hawa hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walijulikana kuwa watenda kazi kwa uaminifu. Wako watu wanaousoma mstari huo wa mwisho na kuutumia kama kinga, wakisema, Mbona mnatudai hesabu? Lakini wauruka ule wa sanduku. Penye fedha yenyewe walikuwa macho mawili ya nyumba mbili. Penye kuchagua mti gani na jiwe gani, waliachiwa wenye kuijua kazi.

Hivi ndivyo nionavyo mimi. Mnunuzi afungwe kabisa katika mambo yamhusuyo yeye: asinunue kwa ndugu yake, wala kwa shirika alilo na sehemu ndani yake, asipokee zawadi, wala asizungumze faraghani na mzabuni baada ya tangazo kutoka. Hapo nisingeacha nafasi hata ya uzi. Katika mambo yakihusuyo kitu chenyewe aachiwe akili yake, kwa sharti moja tu: aandike sababu kabla ya kununua, na maandiko yake yasomwe na yeyote apendaye kuyasoma. Karani wa viatu angeandika, Simpi huyu, maana soli zake za mwaka jana zilibanduka, na huu hapa ushahidi wa askari 40. Atakayemshitaki ashindane na soli. Najua sharti hilo laongeza kazi, na ya kwamba mtu mwongo aweza kuandika sababu nzuri. Lakini sababu ya uongo iliyoandikwa hubaki katika faili ikimngojea mtu kama Berry. Iliyo moyoni hafungui mtu.

Limebaki jambo la kuwapendelea watu wa kwetu, nalo ni gumu, maana halitoki katika uovu bali katika upendo. Je, serikali yaweza kununua kwa mwananchi kwa bei ya juu, na kumwacha mgeni mwenye bei nafuu? Jimbo la South Dakota lilikuwa na kiwanda chake cha saruji. Saruji ilipoadimika 1978, likawauzia kwanza watu wake, na mjenzi mmoja wa Wyoming aliyezoea kununua hapo akakosa. Mahakama Kuu iliamua 1980, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba jimbo linapouza au kununua kama mfanya biashara laweza kuwachagua wa kwake. Majimbo mengi yana sheria za namna hiyo kwa wazabuni wao, na majimbo mengine yakajibu kwa sheria za kisasi: ukiwaongezea watu wangu bei kwako, nami nitawaongezea wako kiasi kile kile. Mwishowe sijui nani amepata faida. Lakini jimbo la Massachusetts, lilipoweka sheria 1996 ya kuongezea asilimia 10 juu ya bei za makampuni yaliyofanya biashara na watawala wa Burma kwa ajili ya ukatili wao, lilikatazwa 2000, kwa kuwa Bunge la taifa lilikuwa limekwisha kuliweka jambo hilo mikononi mwa Rais. Na juu ya watu waliodhulumiwa zamani kwa rangi yao, mji wa Richmond ulipotenga asilimia 30 ya fedha za mikataba yake ya ujenzi kwa makampuni yao, mahakama iliukatalia 1989. Kwetu Afrika ya Mashariki tumechukua njia nyingine: Kenya tangu 2013 imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa vijana, wanawake na wenye ulemavu, na Tanzania nayo ina fungu la asilimia 30 kwa makundi maalum.

Mimi sioni dhambi katika kupendelea, ikiwa mambo mawili yametimia. La kwanza, upendeleo utangazwe kabla, na uwe kwa kundi, si kwa jina la mtu. La pili, waliotoa fedha waambiwe gharama yake: kwamba madawati haya tumeyanunua kwa kiasi hiki zaidi, ili mafundi wa wilaya hii wapate kazi. Wakiambiwa hivyo na wakakubali, ni sadaka yao. Wasipoambiwa, ni fedha yao iliyotolewa sadaka na mtu mwingine, naye akapata sifa.

Hata hivyo upendo wa kwetu una upande wake wa giza, nao ulionekana 2020 ugonjwa wa korona ulipoenea. Majimbo yalitafuta barakoa na mashine za kupumulia, yote kwa wakati mmoja, kwa wauzaji wale wale. Gavana wa New York alilalamika kwamba majimbo 50 yalikuwa kama watu walio mnadani, kila mmoja akipandisha bei juu ya mwenzake, kisha serikali kuu nayo ikaingia katika mnada ule ule. Massachusetts ilituma ndege ya timu ya mpira wa Kimarekani hadi China kuchukua barakoa. New York ilimlipa mtu mmoja dola milioni 69 kwa mashine 1,450. Haikuja hata moja, na jimbo likabaki kudai fedha yake. Kila gavana alikuwa akiwatetea watu wake, na kwa hiyo kila mmoja alikuwa akimnyang'anya mgonjwa wa jirani. Nalo jambo la kusikitisha ni kwamba njia ya kununua pamoja ilikuwako zamani: chama kile cha 1947 kilikuwa kimekwisha kuunganisha majimbo katika mikataba mingi ya pamoja. Siku ya hofu wengi waliiacha wakakimbia kila mmoja kwa njia yake.

Neno la mwisho ni juu ya mwuzaji, ambaye katika mazungumzo haya hutazamwa siku zote kama mwizi mtarajiwa. Serikali hudai uaminifu wake. Na yeye je, adai kwa nani? Jimbo la Illinois lilikaa tangu Julai 2015 hata Julai 2017 pasipo bajeti kamili, kwa sababu gavana na bunge hawakupatana. Huduma ziliendelea kununuliwa, ila malipo hayakutoka. Mwezi wa Novemba 2017 madeni yaliyokuwa hayajalipwa yalifika dola bilioni 16.7. Sheria ya jimbo iliamuru riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya hati zilizochelewa, kwa hiyo wananchi walilipa pia gharama ya kuchelewa kwao. Makampuni makubwa yaliweza kungoja na kula riba. Wadogo hawakuweza.

Mmoja wa waliongoja alikuwa wa nyumba yetu. Huduma za Jamii za Kilutheri za Illinois zilikuwa na mikataba na jimbo ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, na wenye kutumwa na ulevi, na watoto. Walitimiza sehemu yao. Mwezi wa Januari 2016 jimbo lilikuwa likidaiwa nao zaidi ya dola milioni 6, wakatangaza kwamba wafunga kazi zaidi ya 30 na kuwaachisha watumishi 750. Hakuna zabuni iliyopindwa hapo, wala futi iliyopimwa vibaya, wala mtu aliyepokea bahasha. Mnunuzi alipokea alichonunua, akaacha kulipa. Na wale wazee, ambao hawakuwamo katika mkataba wala hawakuulizwa neno, wakangoja mtu wa kuwaletea chakula ambaye hakuja tena.